Ni Nani Anayesema? Vitabu Vitatu vya Nukuu za George Eliot Vyenye Picha

Katika miezi michache iliyopita nimesoma kwa makini vitabu vitatu vya nukuu za George Eliot, mwanamke wa Uingereza aliyeandika riwaya kwa jina hilo la kiume, vyote vikiwa na picha, na vyote vikiwa vya aina ambayo mtu hununua ili kumpa mwingine zawadi. Cha kwanza ni kidogo, kinaenea kiganjani, kina jalada gumu la kitambaa, na kila ukurasa wake una sentensi moja iliyozungukwa na maua ya rangi za maji. Cha pili ni kikubwa na kizito, kimepangwa riwaya baada ya riwaya, na michoro yake ni ya wino mweusi. Cha tatu kimefuata siku za mwaka: kila siku ina nukuu yake, na chini ya nukuu kuna mistari mitupu ya kuandikia majina ya watu waliozaliwa siku hiyo. Sitawataja wachapishaji, kwa sababu kasoro nitakazozieleza zimo katika vitabu vingi vya namna hii, na msomaji akishajua la kutazama atazitambua mwenyewe akiwa dukani.

Swali langu la kwanza kwa kitabu chochote cha nukuu ni hili: je, kinaniambia ni nani anayesema? Methali haina mwenyewe. Imepita midomo mingi hata ikawa ya wote, nasi huichukua bila kumwomba mtu ruhusa. Sentensi ya riwaya inaye mwenyewe, na mara nyingi inao wawili: mwandishi aliyeitunga, na mhusika aliyeitamka akimjibu mtu fulani, siku fulani, akiwa na hasira au huzuni fulani. George Eliot, aliyezaliwa Mary Ann Evans mwaka 1819 na kufariki mwaka 1880, ni rahisi sana kunukuliwa vibaya, kwa kuwa msimulizi wake ana desturi ya kusimama katikati ya hadithi na kutafakari kwa sentensi zinazoonekana kuwa hekima iliyokwisha kukamilika. Mkusanyaji mwenye haraka huziona zikining'inia kama matunda yaliyoiva, akazichuma bila kuutazama mti.

Nianze na kile kidogo, ambacho ndicho kinachovutia zaidi machoni. Karatasi yake ni nene na ina weupe uliopoa, herufi ni kubwa kiasi cha kusomeka bila kukaza macho, na mchoraji wake ni fundi wa kweli wa majani na petali. Ukurasa unaonifurahisha kuliko yote ni ule wa majira ya kupukutika kwa majani, ambapo mwandishi anasema kwamba roho yake imefunga ndoa na majira hayo, na kwamba lau angekuwa ndege angeruka kuizunguka dunia akiyatafuta kila yanapofika. Majani ya rangi ya kutu yanashuka kutoka pembe ya juu ya ukurasa hadi chini, na sentensi imewekwa katika uwazi uliobaki kati yake. Hapo picha na maneno vimeshikana mkono. Hata hivyo kitabu hakisemi kwamba maneno hayo hayatoki katika riwaya yoyote. Yametoka katika barua ya mwaka 1841 aliyomwandikia Maria Lewis, aliyekuwa mwalimu wake, wakati yeye mwenyewe ni msichana wa miaka 21 na hadithi yake ya kwanza ilikuwa bado zaidi ya miaka kumi na mitano mbele. Kwangu mimi jambo hilo linaongeza utamu wa sentensi, na mstari mmoja tu chini ya ukurasa ungetosha kulieleza.

Kurasa chache mbele, tatizo linakuwa kubwa zaidi. Ndani ya shada la waridi imeandikwa: "Sikatai kwamba wanawake ni wapumbavu: Mwenyezi Mungu aliwaumba walingane na wanaume." Chini yake pana jina la George Eliot, na basi. Ukiisoma hivyo unaweza kudhani kwamba mwandishi mwenyewe, akiwa amekaa kwenye meza yake, aliamua kutoa hukumu juu ya wanawake na wanaume wote. Kumbe anayesema ni Bi Poyser, mke wa mkulima katika Adam Bede, riwaya ya mwaka 1859, na anasema hayo kwenye karamu ya mavuno, akimjibu mwalimu Bartle Massey ambaye amekuwa akiwadharau wanawake mbele ya watu. Ni jibu la papo kwa papo la mwanamke ambaye ulimi wake unajulikana kijiji kizima, na utamu wake wote umo katika kwamba lilimfikia mtu aliyestahili. Waridi halina lolote la kufanya hapo. Ningependa kuona meza ya karamu, mwalimu amefunua kinywa, na Bi Poyser amekwisha kumgeuzia mgongo.

Kosa lisilosameheka katika kitabu hiki kidogo ni nukuu mbili ambazo si zake. Ya kwanza ni ile maarufu isemayo kwamba hujachelewa kamwe kuwa vile ambavyo ungeweza kuwa. Imechapwa kwenye vikombe na kalenda kwa jina lake, lakini haijapatikana katika riwaya zake, wala katika mashairi yake, wala katika barua zake. Na hata bila kupekua popote, msomaji wa Middlemarch angepaswa kushtuka. Katika riwaya hiyo yumo Tertius Lydgate, tabibu kijana anayekuja mjini na ndoto ya kuendeleza sayansi ya tiba, ambaye anaishia kuwatibu matajiri, kuandika kitabu kuhusu ugonjwa wa jongo, na kufa akiwa na miaka 50 tu huku akijihesabu kuwa ameshindwa. Mwandishi aliyemwaza Lydgate alijua kwamba kuna kuchelewa. Kumbandika sentensi inayokana jambo hilo, tena juu ya picha ya jua linalochomoza, ni kumvua alichokuwa nacho cha thamani zaidi.

Ya pili inahusu faraja isiyoelezeka ya kujiona salama mbele ya mtu, bila haja ya kupima mawazo wala kuchuja maneno. Ni kifungu kizuri sana, nacho ni cha Dinah Craik, mwandishi mwingine wa enzi hiyohiyo, kutoka riwaya yake ya mwaka 1859. Kinachonisikitisha ni kwamba aliyeandika mojawapo ya vifungu bora kuhusu urafiki amenyang'anywa, na aliyepewa alikuwa na vya kwake vya kutosha.

Tofauti kati ya kitabu hiki na kile cha pili inaonekana vizuri zaidi katika nukuu moja iliyomo katika vyote viwili, nayo ni ya sura ya 20 ya Middlemarch. Dorothea, msichana aliyeolewa na mwanazuoni mzee, yuko Roma katika fungate yake, na msimulizi anatukutanisha naye akilia peke yake chumbani. Huzuni ya bibi harusi mpya, anasema msimulizi, si jambo la ajabu, na kwa sababu si la ajabu hatutarajii watu waguswe nayo. Ndipo inapokuja sentensi yenyewe: "Lau tungekuwa na jicho kali na hisia kamili za maisha yote ya kawaida ya binadamu, ingekuwa kama kusikia majani yakiota na moyo wa kindi ukidunda, nasi tungekufa kwa mngurumo ulioko upande wa pili wa ukimya." Kitabu kidogo kimeishia hapo na kumchora kindi, mzuri mno, akiwa na mkia uliotuna, amekaa juu ya tawi. Mtoto angependa kumpapasa. Lakini Eliot hakuishia hapo. Sentensi inayofuata inasema kwamba, kwa hali ilivyo, hata walio wepesi wa kuhisi miongoni mwetu hutembea wakiwa wamefunikwa vyema kwa pamba ya upumbavu. Ukiikata hiyo, sentensi ya kwanza inageuka kuwa wimbo wa kusifu maumbile. Ukiiacha, inakuwa shitaka dhidi ya kila mmoja wetu, pamoja na mimi niliyekuwa nikimtazama kindi.

Kitabu cha pili kimeiacha. Kimeweka nukuu nzima kwenye ukurasa wa kulia, na kwenye ukurasa wa kushoto kuna mchoro wa wino wa chumba chenye dirisha kubwa, mwanamke amekaa ametupa mgongo, na nje ya dirisha mji umejaa kuba na magofu. Uso hauonekani. Chini yake imeandikwa jina la riwaya, namba ya sura, na maneno machache: msimulizi, kuhusu Dorothea akiwa Roma. Maneno hayo machache yamefanya kazi kubwa kuliko maua yote ya kitabu cha kwanza, kwa sababu yananifanya nitake kuijua sababu ya kilio.

Mkusanyaji wa kitabu hiki ameelewa pia kwamba wahusika wa Eliot hupingana, na kwamba mara nyingi hupingana katika sura moja. Ameweka pamoja nukuu mbili za sura ya 72 ya Middlemarch. Dorothea, akiwa anataka kumtetea Lydgate anayeshukiwa, anauliza tunaishi kwa ajili ya nini kama si kupunguziana ugumu wa maisha. Mdogo wake Celia naye anamshauri asiende kinyume na mume wake Celia, akieleza kwamba bila shaka wanaume wanajua zaidi kuhusu kila kitu, isipokuwa kile ambacho wanawake wanakijua zaidi. Katika vitabu vingine sentensi hizi mbili huwekwa mbalimbali, ya kwanza chini ya kichwa cha wema na ya pili chini ya kichwa cha ucheshi. Hapa zimepewa kurasa zinazotazamana, na mchoro mmoja wa dada wawili kwenye chumba kimoja unavuka katikati ya kitabu, kiasi kwamba mshono wa jalada unapita kati yao. Sijui kama mchoraji alikusudia mshono huo uwatenganishe, ila nimerudi kuutazama mara nyingi.

Kwa Romola, kitabu kimetumia michoro ya zamani. Riwaya hiyo, ambayo hadithi yake iko Florence kuanzia mwaka 1492, ilitoka kidogo kidogo katika jarida la Cornhill mwaka 1862 na 1863, ikiwa na picha za Frederic Leighton zilizochongwa kwenye mbao. Eliot na Leighton waliandikiana kuhusu picha hizo, na Eliot alimwambia Leighton kwamba picha haziwezi kuwa zaidi ya namna ya muziki wa ufunguzi kwa maandishi, la sivyo mwenye penseli atateswa na mwenye kalamu, na mwenye kalamu naye atakufa kwa kutarajia yasiyowezekana. Kumbukumbu hii ingefaa kuwekwa mbele ya kila kitabu cha aina hii. Katika mchoro wa mwanazuoni kipofu na binti yake, Leighton ametimiza sharti hilo: vitabu vimerundikana, mzee amegeuza uso kuelekea sauti, na msichana amesimama kati ya utii na uchovu. Picha inaanza jambo, haimalizi.

Nukuu iliyochaguliwa kutoka mwisho wa riwaya hiyo ni ile ya furaha kuu kupatikana kwa kuwa na mawazo mapana na kuwahurumia wengine kama tunavyojihurumia wenyewe. Nimewahi kuiona mara nyingi ikiwa imesimama peke yake, ikanichosha kama hotuba. Hapa tumeambiwa kwamba Romola anamjibu kijana mdogo, Lillo, aliyesema kwamba anataka kuwa mtu mkubwa na wakati huohuo apate starehe nyingi; na kwamba baba wa kijana huyo, ambaye ndiye aliyekuwa mume wa Romola, aliharibikiwa kwa sababu ya tamaa hiyohiyo. Ghafla sentensi iliyokuwa hotuba inakuwa mwanamke anayechagua maneno yake kwa uangalifu mbele ya mtoto asiyejua yote.

Sehemu bora ya kitabu cha pili, na sababu yangu ya kukipendekeza hata kwa bei yake kubwa, ni kurasa sita zilizotengewa The Mill on the Floss, riwaya ya mwaka 1860. Humo George Eliot mwenyewe ametuachia somo juu ya vitabu vizuri vyenye picha. Bwana Tulliver, mwenye kinu, anamshangaa binti yake Maggie, ambaye ameshika kitabu cha Daniel Defoe kuhusu historia ya Shetani. Mzee anajitetea kwamba alikinunua katika mnada pamoja na vingine, vyote vikiwa na jalada la namna moja, jalada zuri, naye akadhani vyote vitakuwa vitabu vizuri. Kumbe, anasema, haifai kuhukumu kwa kutazama nje. Wakati huo Maggie amekwisha kuufungua ukurasa wenye picha ya mwanamke mzee aliyetupwa majini, naye anaieleza kwa mgeni wa baba yake. Wamemtupa, anasema, ili wajue kama ni mchawi: akielea ni mchawi, akizama akafa basi hana hatia, alikuwa bibi kizee maskini tu. Kisha anauliza hilo litamfaa nini wakati amekwisha kuzama.

Mkusanyaji angeweza kuchukua ile kauli ya jalada peke yake, kama wengi walivyofanya. Yeye amechukua tukio zima, na mchoraji amemchora Maggie kwa nyuma, nywele zimetimka, kidole kikiwa juu ya ukurasa ambao sisi hatuuoni vizuri. Nadhani huu ndio mchoro mwaminifu kuliko yote niliyoitaja. Maggie haioni picha kama pambo. Anaihoji, anaikuta ina udhalimu ndani yake, na anawauliza wakubwa swali ambalo hawalijibu. Baadaye kidogo anaonyesha picha ya Shetani ambayo kaka yake Tom ameipaka rangi nyeusi mwili mzima na nyekundu machoni, kwa sababu ndani yake yote ni moto, na hapo baba anamwamuru akifunge kitabu.

Wapo watakaosema kwamba nadai mengi mno kutoka kwa kitabu cha zawadi. Nawajibu kwamba wa kwanza kukusanya nukuu za mwandishi huyu aliyatimiza madai hayo. Mwaka 1871 kijana mmoja wa Scotland, Alexander Main, alimwandikia Eliot kuuliza jina Romola litamkwe vipi, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amepata ruhusa ya kuchapisha mkusanyiko wa maneno yake kupitia kampuni ya Blackwood. Main aliwapenda mno waandishi aliowapenda, na sifa alizommiminia Eliot zinaweza kumchosha msomaji wa leo. Lakini alizipanga nukuu kwa kufuata kila kitabu, na ndani ya kila kitabu akatenga zile ambazo mwandishi anasema kwa nafsi yake na zile zinazotoka kwa wahusika, kila mmoja kwa jina lake. Pamoja na uangalifu huo wote, Eliot hakuwa na utulivu. Aliandika baadaye kwamba ikiwa wasomaji hawasukumwi zaidi na kazi zake zikiwa nzima kuliko na mkusanyiko wa vipande, basi maandishi yake ni makosa.

Kuhusu kitabu cha tatu sina mengi. Kinafuata mfano wa zamani, kwa kuwa Blackwood walitoa kitabu cha siku za kuzaliwa chenye maneno yake mwaka 1878, na wazo lenyewe ni la kupendeza. Michoro yake ni midogo, ya wanyama, vibanda na zana za shamba, na haimsumbui mtu. Nakishukuru kwa kukumbuka mashairi, ambayo wengine huyasahau. Lakini siku zote za mwaka zinahitaji nukuu nyingi, na haja hiyo imemfanya mkusanyaji achukue hata maneno yaliyowekwa juu ya sura za Middlemarch kama kauli ya ufunguzi. Mengi ya hayo Eliot aliyatunga mwenyewe, nayo ni yale yasiyo na jina chini yake. Mengine ni ya watu wengine, na majina yao yameandikwa wazi. Ile ya sura ya kwanza, kuhusu mwanamke ambaye hawezi kutenda wema kwa kuwa ni mwanamke na hivyo anaunyosha mkono kuelekea kilicho karibu nao, ni ya Beaumont na Fletcher, watunzi wa tamthilia walioishi zaidi ya miaka mia mbili kabla yake. Kitabu cha tatu kimempa Eliot.

Kwa hiyo, ukitaka kumpa zawadi mtu ambaye hajawahi kumsoma, mpe kitabu cha pili. Kitamwonyesha njia ya kuingia, naye atajua aanzie sura ipi. Kwa mtu ambaye amezisoma riwaya na anataka kitu cha kuandikia siku za kuzaliwa za jamaa zake, cha tatu kitafaa, mradi ajue kasoro yake. Cha kwanza nisingekinunua tena, ingawa sijakitupa. Nilichukua penseli, nikapita ukurasa baada ya ukurasa, na chini ya kila ua nikaandika jina la anayesema na namba ya sura. Kwenye ukurasa wa faraja ya urafiki nimeandika jina la Dinah Craik. Kwenye ukurasa wa jua linalochomoza nimeandika Lydgate, miaka 50.